Kutoka Bamvua hadi Saa za Injini: Utunzaji wa Mashine za Boti katika Kisarawe ya Zamani

Mzenga, kata ya Wilaya ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, hutajwa zaidi kwa kituo chake cha reli ya TAZARA na kwa misitu inayoizunguka kuliko kwa jambo lolote la baharini, na mtu anayeitazama ramani ya leo hawezi kuona uhusiano kati ya mahali hapo na injini za boti. Ramani ya leo, hata hivyo, ni changa. Hadi mwaka 1995, Mkuranga ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea, Kisarawe ilianzia kwenye vilima vya Pugu na mashamba ya bara ikateremka hadi bandari ndogo ya Kisiju, vijiji vya mwambao kama Shungubweni, na visiwa vya Koma na Kwale. Mkulima wa Mzenga na mvuvi wa Kisiju waliishi chini ya ofisi moja ya wilaya, na ng'onda na papa wa chumvi waliouzwa katika magulio ya bara walitoka katika maji ya wilaya hiyohiyo. Historia ya utunzaji wa mashine za boti katika mwambao huo ni sehemu ya historia ya Kisarawe nzima, na inastahili kuandikwa kwa uangalifu, kwa sababu inaeleza jambo ambalo mara nyingi huelezwa visivyo: kwa nini injini iliyotunzwa miaka 15 ughaibuni hufa ndani ya misimu miwili baada ya kufika katika fukwe za Pwani. Jibu linalotolewa kwa haraka ni uzembe wa mvuvi. Jibu hilo halina haki, kwani mwambao ulikuwa na nidhamu kali ya utunzaji wa vyombo karne nyingi kabla ya injini ya kwanza kuwashwa.

Nidhamu hiyo ilifuata mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, chombo kilisogezwa juu ya ufuko kadiri maji yalivyoruhusu, na yalipokupwa kikabaki pakavu, kimeegemezwa kwa magogo. Hapo ndipo kilipokwanguliwa chaza na majani, mishono ya mbao ikakaguliwa na kutiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta na kusindiliwa kwa patasi, kisha sehemu inayozama majini ikapakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu watoboao mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa, ambayo harufu yake ilimtambulisha baharia hata akiwa sokoni. Kazi hiyo haikungoja chombo kivuje. Ilikuja na kalenda, na kalenda yenyewe ilionekana angani na mtu yeyote, asiyejua kusoma na anayejua, nahodha na mtoto wa jikoni. Gharama yake ilikuwa ndogo kwa fedha na kubwa kwa nguvu za mikono, na mabaharia waliitoa nguvu hiyo kama sehemu ya uanachama wao katika chombo.

Injini ya kupachika, yaani mashine inayofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti ikiwa na mtambo, giaboksi na rafadha katika mwili mmoja, ilianza kuwa bidhaa ya kawaida duniani baada ya Ole Evinrude kuuza mashine zake huko Milwaukee, Marekani, kuanzia mwaka 1909. Katika Afrika Mashariki ilipata soko mapema zaidi katika maziwa kuliko baharini, na katika miaka ya 1950 idara ya uvuvi ya Uganda ilikuwa ikiihimiza kwa wavuvi wa mitumbwi ya Ziwa Victoria. Mwambao ulichelewa kwa sababu za msingi. Pepo za kaskazi na kusi zilitoa nguvu ya bure na yenye kutegemewa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na vyombo vingi vya wavuvi, ngalawa, mitumbwi na madau, vilikuwa vimechongoka mbele na nyuma, hivyo havikuwa na ubao wa kushikia mashine. Mashua yenye nyuma iliyokatwa ilikuwa na nafasi hiyo, na ni katika mashua, na baadaye katika boti za mbao zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya mashine, ndipo injini za Kijapani zilipopata makao. Tohatsu ilikuwa imeanza kutengeneza injini hizo mwaka 1956, Yamaha ikafuata mwaka 1960 kwa mashine yake ya P-7, na Suzuki mwaka 1965. Katika miongo iliyofuata jina la Yamaha lilienea sana katika fukwe za Tanzania.

Mashine hizo za mwanzo, na nyingi zilizozifuata, zilikuwa za mapigo mawili, na hapa inafaa kueleza utendaji wake, kwa sababu ndio uliojenga desturi za mafundi na wavuvi. Katika injini ya mapigo mawili pistoni hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mwako, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya kombo, yaani kasha la mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kusukumwa juu kwenye silinda. Kwa kuwa petroli yenyewe hupita katika vyuma vinavyosuguana, haiwezekani kuweka dimbwi la oili mahali hapo, na badala yake oili huchanganywa na petroli katika tangi. Kiwango cha kawaida kwa mashine nyingi za Kijapani ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Mashine ya mapigo mawili kwa hiyo hulainishwa upya kwa kila lita inayoingia. Mtambo wake hauna oili ya kumwagwa, hauna filta ya oili, hauna kijiti cha kupimia kina chake. Mvuvi aliyejaza dumu na kulitikisa alikuwa ameshaifanyia mashine yake kazi kubwa kuliko zote za utunzaji, na alikuwa ameifanya bila kuitenga na kazi ya kwenda baharini.

Kulikuwa na hasara, tena kubwa. Sehemu ya mafuta ilitoka bila kuungua pamoja na moshi na kuelea juu ya maji, plagi ziliziba kwa masizi, na matumizi ya petroli yalikuwa makubwa. Lakini kwa mtu anayeshusha mashine ufukweni usiku, akaibeba begani na kuilaza juu ya mchanga au sakafuni nyumbani ili isiibwe, hakukuwa na chombo kinachovumilia zaidi. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya aina hiyo ina uzito wa kilo 40 hivi, mtu mmoja mwenye nguvu huibeba, na ikilazwa ubavu wowote haimwagi kitu cha maana. Fundi naye aliweza kuifungua kwa spana chache chini ya mkungu, akaona kila kilichomo, na kuifunga kabla ya maji kujaa.

Uvumilivu huo ulipimwa vikali katika miaka ya Ujamaa na baada yake. Serikali ilianzisha Shirika la Uvuvi la Taifa, TAFICO, mwaka 1974, na vyama vya ushirika vya wavuvi vikapewa boti na mashine kwa mikopo na misaada, lakini kupanda kwa bei ya mafuta duniani, gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata viliifanya nchi ishindwe kuagiza vipuri vya aina nyingi, kuanzia vya matrekta hadi vya mashine za kusaga. Kwa injini za boti, upungufu huo ulizaa ufundi wa pekee: gasketi zilikatwa kutoka katika karatasi ngumu, mashine mbili zilizokufa zilivuliwa ili kuifufua ya tatu, na fundi mwenye sifa akawa ni yule anayeweza kuiwasha mashine bila kipuri. Ufundi huo uliokoa maisha na riziki, na haupaswi kubezwa. Lakini uliimarisha pia wazo kwamba fundi huitwa kitu kinapoharibika, na kwamba kutoa kipuri kizima na kukiweka kipya kwa sababu tu muda wake umefika ni ubadhirifu. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa, vipuri vilianza kuonekana tena madukani, hasa Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, ila wazo lile lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Mkoa wa Pwani ulikuwa na mahali palipofundishwa wazo jingine. Kibaha ilikuwa imepokea msaada wa nchi za Nordiki tangu mwaka 1963, kilipoanzishwa kituo ambacho mwaka 1970 kiligeuzwa kuwa Shirika la Elimu Kibaha, na katika miaka ya 1970 Norway ikasaidia kujenga kituo cha uvuvi cha Mbegani, karibu na Bagamoyo, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Mbegani ilifundisha uundaji wa boti, unahodha na ufundi wa injini, na kwa mwanafunzi wa fani hiyo ratiba ya matengenezo ilikuwa somo lenye daftari lake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipitisha nidhamu ya aina hiyo Mzenga penyewe, kwani kichwa cha treni hukaguliwa na kubadilishiwa oili kwa ratiba, katika karakana zilizojengwa kwa kazi hiyo, Dar es Salaam na Mpika nchini Zambia. Tofauti iko wazi. Treni ina shirika lenye karakana, stoo na karani wa kuandika saa, ilhali mashine ya boti ya Kisiju au Kwale ina mwenyewe, ambaye mwambaoni huitwa tajiri hata kama mali yake yote ni boti moja, pamoja na nahodha wake na fundi anayelipwa kwa kazi.

Huko nje, wakati huohuo, mkondo ulikuwa ukigeuka. Honda ilikuwa imetoa injini ya kupachika ya mapigo manne, GB30, mwaka 1964, kwa msimamo wa mwasisi wake Soichiro Honda kwamba chombo hakipaswi kuyachafua maji kinamopita, na Yamaha ikafuata mwaka 1984 kwa injini ya nguvu za farasi 9.9. Soko lilibaki dogo hadi sheria zilipoingia. Mwaka 1996 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza viwango vya moshi wa injini za boti vilivyokazwa mwaka hadi mwaka kuanzia 1998 hadi 2006, Umoja wa Ulaya ukaweka vyake kwa maelekezo ya mwaka 2003, na watengenezaji wakahamia kwa wingi katika mapigo manne. Injini hizo zilipozeeka mikononi mwa wamiliki wa boti za starehe, zilianza kuuzwa kama mtumba, na Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa masoko yake. Mwambao wa Tanzania ulizipokea kwa mikono miwili, kwanza katika boti za kitalii, zikiwemo za Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995, kisha katika boti za abiria na za wavuvi. Sababu kuu ilikuwa petroli. Injini ya mapigo manne yenye nguvu za farasi 15, ikiendeshwa kwa kasi yote, hunywa takriban lita tano kwa saa, na ile ya mapigo mawili ya kabureta huizidi kwa theluthi hivi au zaidi. Kwa chombo kinachosafiri usiku kucha kufuata samaki, tofauti hiyo ndiyo faida yenyewe.

Kilichokuja pamoja na akiba hiyo ni aina nyingine ya deni. Katika injini ya mapigo manne pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mwako, vali hufungua na kufunga njia za hewa na moshi, na oili hukaa peke yake katika karai iliyo ndani ya mashine, ikizungushwa na pampu na kurudi palepale. Oili ni ileile ya jana na ya juzi. Inachoka, inabeba chembe za chuma, na mashine ikiendeshwa muda mrefu kwa kasi ndogo, kama inavyotokea wakati wa kutega au kukokota nyavu, petroli isiyoungua hupenya kando ya pistoni na kuizimua, kiasi kwamba kijiti cha kupimia huonyesha oili imeongezeka badala ya kupungua. Mvuvi aliyezoea mapigo mawili hufurahi kuona hivyo. Kwa kweli hiyo ni dalili mbaya, na pua huithibitisha: oili hiyo hunuka petroli.

Watengenezaji huagiza oili ya mashine mpya imwagwe baada ya saa 10 au 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, kutegemea lipi linatangulia, na filta yake kwa kawaida ibadilishwe kila saa 200 au kila mwaka. Kwa mwenye boti ya starehe katika ziwa la Ulaya, saa 100 ni majira mawili au matatu ya kiangazi. Kwa mvuvi wa mwambao anayewasha mashine saa nne kila anapotoka, ni safari 25, yaani takriban mwezi mmoja wa kazi. Hapa ndipo kalenda zilipogongana. Neno "kila mwaka", lililoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, lilisomwa kama ruhusa, wakati sharti la kweli lilikuwa ni saa, na mashine nyingi ndogo hazina saa ya kuhesabia. Hesabu hiyo inawezekana hata hivyo kwa kitu ambacho kila tajiri hukihesabu tayari: mashine inayotumia lita tano kwa saa humaliza saa 100 kwa lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Mwandishi wa hesabu za boti anayeweka alama kwa kila dumu anayo saa ya injini mkononi mwake, na kwa kuwa mashine haiendeshwi kwa kasi yote muda wote, hesabu hiyo hukosea kidogo kwa upande wa kuchelewa, hivyo ni busara kubadilisha oili dumu la 20 linapokwisha.

Desturi ya kuilaza mashine nayo iligeuka kuwa hatari. Injini ya mapigo manne ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa kilo 50 hivi, hivyo hubebwa na wawili, na wawili wanapoitua hufuata upande uliowaelekea, si upande aliouagiza mtengenezaji. Nyingi kati ya injini hizo huruhusiwa kulazwa kwa ubavu mmoja tu, na mara nyingi picha ya kuonyesha ubavu huo hubandikwa kwenye mashine yenyewe, lakini katika mashine ya mtumba picha hiyo huwa imefutika au imefunikwa na rangi mpya. Ikilazwa vibaya, oili hutambaa kutoka katika karai hadi kwenye silinda na kabureta, na ikilazwa kabla maji hayajaisha kutiririka, maji ya chumvi yaliyobaki katika njia ya moshi huweza kurudi ndani ya silinda. Asubuhi kamba huvutwa na mashine hugoma, au huwaka kwa moshi mzito wa buluu, na lawama huangukia petroli.

Petroli, ni kweli, ilikuwa na makosa yake. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa ya bei ndogo, ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 ilianzishwa alama maalumu ya kutambulisha mafuta halali, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili kuondoa faida ya mchezo huo. Injini ya mapigo mawili yenye kabureta pana ilistahimili mengi, na Yamaha ilikuwa hata na aina iliyotengenezwa kutumia mafuta ya taa baada ya kuwashwa kwa petroli. Ya mapigo manne, hasa yenye mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme, haistahimili uchafu wala maji, na chujio lenye kikombe cha kutenga maji, likiwekwa kati ya dumu na mashine, ni gharama ndogo kuliko zote zinazoweza kuiokoa.

Chumvi haikubagua aina za injini. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo ndiyo yanayopoza mashine, yakivutwa na impela, yaani gurudumu la mpira lenye mabawa lililo juu ya giaboksi. Mashine inapozimwa ikiwa ya moto, chumvi huganda katika njia nyembamba, na dawa yake ni kuiendesha katika maji baridi kwa dakika 10 hadi 15, ambayo fundi wa mwambao huifanya kwa pipa lililokatwa juu, maji yakiwa yameifunika impela. Katika visiwa vidogo, ambako maji ya kunywa huchotwa kisimani na mara nyingi yana ukakasi wa chumvi, kumwaga pipa kwa ajili ya mashine ni uamuzi mzito ndani ya nyumba, na wanaoandika miongozo hawakuwahi kumfikiria mwanamke aliyeyachota. Kisiju kuna tatizo jingine: mlango wake ni mkono wa bahari wenye mikoko na tope, na chombo kinachoingia maji yakiwa yamekupwa huvuta mchanga na tope hadi kwenye impela, ambayo hulika haraka kuliko ratiba inavyotarajia. Tundu dogo linalotoa maji nyuma ya mashine ndilo linalotoa habari hizo, na nahodha mzuri hulitazama kila anapowasha.

Mshipi wa nailoni ni adui mwingine anayejulikana zaidi kwa wavuvi kuliko kwa waandishi wa miongozo. Ukijizungusha nyuma ya rafadha hukata mpira unaozuia maji, maji huingia kwenye giaboksi, na oili ya gia ikifunguliwa kwa skrubu ya chini hutoka nyeupe kama maziwa. Rafadha kwa hiyo inapaswa kufunguliwa mara kwa mara, mshipi ukatolewa, na shafti yake ikapakwa grisi kabla ya kurudishwa, kazi ya robo saa inayolinda gia zenye bei kubwa.

Ununuzi wa mtumba wenyewe umezaa elimu yake. Fundi mzoefu hatazami rangi, kwa kuwa rangi hupakwa upya bandarini. Hufungua kasha la thamostati, kipande kinachodhibiti joto la maji, akatafuta chumvi iliyoganda, kwani hapo ndipo mashine iliyoishi baharini hutofautiana na iliyoishi katika ziwa la maji baridi. Hutoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda, na zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi huuliza maswali. Hutazama zinki, vipande vinavyofungwa nje ili vilike badala ya mwili wa mashine, na akivikuta vizima kabisa kwenye mashine ya zamani hushuku kwamba vilipakwa rangi na kuacha kufanya kazi, au vimewekwa jana. Katika mashine kubwa huuliza umri wa mkanda unaoziendesha vali, ambao Yamaha huagiza ubadilishwe kila saa 1,000 au miaka mitano. Akinunua, hubadilisha oili zote mbili siku hiyohiyo, na kuanza hesabu upya.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliziweka injini za kupachika katika orodha ya zana za uvuvi zisizotozwa kodi hiyo, jambo lililomnufaisha mnunuzi siku ya kununua. Gharama ya siku zinazofuata imebaki katika mgao. Kwa desturi ya vyombo vingi vya mwambao, mapato ya samaki hukatwa kwanza petroli na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu kwa mabaharia, boti, nyavu na mashine, na fungu la mashine huingia mfukoni mwa tajiri, ambaye hutarajiwa kuitengeneza. Katika enzi ya mapigo mawili mpango huo ulikuwa na usawa uliojificha, kwa sababu oili ilikuwa ndani ya dumu na ilikatwa pamoja na petroli kabla ya mgao, bila mtu kujadili. Katika mapigo manne oili imetoka nje ya dumu. Imekuwa matumizi ya tajiri peke yake, anayeyaahirisha msimu unapokuwa mbaya, na nahodha aliye na mashine mkononi kila usiku hana fungu wala mamlaka ya kuinunua. Mabaharia wanaokubali oili ya saa 100, filta na impela vihesabiwe pamoja na petroli kabla ya mgao hupunguza kila fungu kwa kiasi kidogo, na hupata haki ya kumuuliza tajiri, mbele ya wote, dumu la 20 limekwisha lini.